Maswali ya Wasomaji: Step 1, tarehe, saa nane za kiti na yanayoharibika njiani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu Step 1, mtihani wa kwanza kati ya mitatu ya USMLE ambayo daktari hupitia kabla ya kupewa leseni kamili Marekani. Nyingi zimeandikwa usiku, na tumezisoma kwa uzito huo. Madaktari na wakufunzi wa jopo letu wanajibu.

Nimebakiza wiki tano. Jaribio langu la kwanza la kujipima la NBME (bodi inayoandaa mtihani huu) limenipa asilimia 58. Wenzangu wanasema siku hizi ni kufaulu au kufeli tu, nisijisumbue na alama. Niache tarehe ilivyo au niihamishe?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili*

Usiihamishe leo, wala usijiapize kwamba huihamishi. Asilimia 58 iko chini ya eneo la mpakani, ambalo kwenye majaribio hayo huanzia 62 na kuishia 68. Wiki tano zinatosha kupanda kutoka hapo ukizitumia vizuri. Zikitumika vibaya, zitakurudisha hapo hapo.

Fanya hivi. Baada ya siku 10 hadi 14 fanya jaribio jingine, toleo ambalo hujawahi kuliona. Kurudia toleo lile lile hupandisha alama kwa sababu unakumbuka maswali, na alama hiyo itakudanganya wakati mbaya kuliko wote. Lifanye kwa saa, bila daftari, kwa mkao mmoja: maswali 200, sehemu 4 za maswali 50, kila sehemu dakika 75. Ripoti yake itakuonyesha uwezekano wa kufaulu endapo ungefanya mtihani ndani ya wiki moja. Tunachomshauri kila mwanafunzi ni asubiri majaribio mawili mfululizo yaliyovuka 68, si moja. Jaribio moja linaweza kukukuta siku njema, lenye mada ulizozisoma juzi.

Ukifika siku 10 kabla ya tarehe na bado unacheza kwenye 62 au 63, hamisha. Kibali cha mtihani hutolewa kwa dirisha la miezi 3, na ndani ya dirisha hilo unaweza kusogeza siku. Ada ya kusogeza hupanda kadiri siku inavyokaribia, na siku 5 za mwisho ndizo ghali kuliko zote. Kwa hiyo weka kwenye kalenda siku ya kuamua, mapema, tofauti na siku ya mtihani. Wengi huharibikiwa hapa: wanangoja mpaka usiku wa mwisho, wanaona aibu au wanahurumia ada, wanaingia.

Sasa kuhusu hao wenzako. Ni kweli kwamba tangu tarehe 26 Januari 2022 Step 1 haitoi alama za namba, inasema umefaulu au umefeli. Haikuwa rahisi kwa sababu hiyo. Mwaka 2021 waliofaulu mara ya kwanza kutoka vyuo vya udaktari (shahada ya MD) vya Marekani na Kanada walikuwa takribani asilimia 95. Mwaka 2022 wakawa takribani 91. Kwa waliosoma nje ya nchi hizo, mwaka huo huo karibu robo hawakufaulu mara ya kwanza. Maswali hayakugeuka mawe ghafla. Sisi tunaona watu walianza kuingia mapema mno, wakiamini kwamba "kupita tu" ni kazi ndogo. Tena hapo zamani alama ya chini ilikuwa doa; sasa kufeli ndiyo doa pekee linaloonekana kwenye Step 1, na linabaki kwenye rekodi hata ukifaulu baadaye.

Nafanya maswali 80 kila siku na nasoma maelezo yake yote. Wiki tatu zimepita, alama zimeganda. Nakosea wapi?
*Msomaji aliyechoka*

Karibu hakika unakosea kwenye mapitio, na tunaomba uturuhusu turefushe jibu hili, maana hapo ndipo mtu anapofaulu au anapofeli.

Sehemu ya maswali 40 huchukua saa 1. Mapitio yake yakifanywa ipasavyo huchukua saa 2, wakati mwingine na nusu. Maswali 80 basi ni siku ya saa 6 au 7 za kazi nzito. Kama unamaliza 80 na mapitio kwa saa 4, unachofanya ni kusoma maelezo na kuitikia kwa kichwa. Kuitikia si kujifunza. Maelezo yaliyoandikwa vizuri humfanya kila msomaji ajione alikuwa anajua.

Chukua mfano. Mgonjwa ana shinikizo la juu la damu, potasiamu iko chini, aldosteroni (homoni inayoufanya mwili ushike chumvi) iko juu, renini (inayotolewa na figo ili kuipandisha aldosteroni) iko chini. Mwanafunzi anachagua kubanwa kwa mshipa wa ateri ya figo. Anasoma maelezo, anaona jibu ni uvimbe wa tezi ya adrenali unaotoa aldosteroni, anaandika "uvimbe wa adrenali: potasiamu chini," anasonga mbele. Wiki mbili baadaye anakosea swali hilo hilo likiwa limevaa nguo nyingine, kwa sababu alichoandika hakikuwa kosa lake. Potasiamu kuwa chini alikuwa anaijua. Hali zote mbili hupandisha aldosteroni na kushusha potasiamu. Kinachozitenganisha ni renini, na yeye aliiruka.

Mapitio ya kweli yanauliza: ni neno gani kwenye swali lingenigeuza? Hapa ni renini. Kisha yanauliza kwa nini. Tezi inapotoa aldosteroni yenyewe bila kuamrishwa, mwili unashika chumvi na maji, damu inaongezeka ujazo, figo inaona presha ya kutosha na kuacha kutoa renini. Ateri ya figo ikibanwa, figo inapata damu kidogo, inadhani mwili mzima umepungukiwa, inamwaga renini, na aldosteroni inapanda kwa amri hiyo. Ukiweza kusema hayo kwa mdomo bila kuangalia, swali hilo halitakushinda tena kwa sura yoyote. Kadi ya kumbukumbu utakayotengeneza iwe na jambo moja tu: aldosteroni juu, renini chini, tatizo liko wapi? Usibandike aya nzima ya maelezo kwenye kadi. Kadi ndefu huishia kurukwa.

Kila kosa lipe jina. Kuna kutojua kabisa. Kuna kujua lakini kuchanganya vitu viwili vinavyofanana, kama hapo juu. Kuna kusoma vibaya: swali limeuliza "kipi hakihusiki" nawe ukajibu kinachohusika. Na kuna kubadilisha jibu sahihi dakika ya mwisho. Weka tiki kwenye safu nne kwa siku tatu, utaona safu moja inajaa. Aliyejaza safu ya kutojua arudi kwenye kitabu kwa mada hizo tu. Aliyejaza safu ya kuchanganya atengeneze majedwali ya kulinganisha. Aliyejaza safu ya kusoma vibaya hahitaji kitabu hata kidogo. Anahitaji kupunguza mwendo na kulala.

Pitia pia maswali uliyopata. Ulilopata kwa kubahatisha ni kosa ambalo halijakuumiza bado. Wakati wa kujibu weka alama kwa yale ambayo huna hakika nayo, uyarudie sawa na uliyokosa.

Jambo la mwisho: changanya mada. Ukifanya maswali 40 ya moyo peke yake, nusu ya kazi umeshafanyiwa, maana unajua jibu liko kwenye moyo. Mtihani hautakuambia. Patholojia na fiziolojia ndizo zimebeba uzito mkubwa zaidi, na ndani ya swali moja zinaingia pamoja na famakolojia.

Takwimu zinanitoa jasho. Kuna njia fupi?

Chora jedwali la miraba minne kabla ya kugusa fomyula yoyote, na tumia watu 1,000. Mfano: ugonjwa uko kwa asilimia 1, kipimo kinakamata asilimia 90 ya wagonjwa na kinaondoa asilimia 90 ya wazima. Wagonjwa ni 10, kinawakamata 9. Wazima ni 990, kinawasingizia 99. Walioambiwa "una ugonjwa" ni 108, na wagonjwa wa kweli kati yao ni 9, sawa na asilimia 8 hivi. Peleka kipimo hicho hicho mahali ambapo ugonjwa uko kwa asilimia 10: wagonjwa 90 wamekamatwa, wazima 90 wamesingiziwa, nusu kwa nusu. Kipimo hakijabadilika hata chembe. Waliopimwa ndio wamebadilika. Maswali mengi ya vipimo yanazunguka jambo hilo. Fanya majedwali kama haya 5 kila asubuhi kwa wiki moja na jasho litakauka.

Kila sehemu nabakiwa na maswali 6 sijayagusa. Nasoma haraka lakini muda haunitoshi.

Umepewa wastani wa sekunde 90 kwa swali. Anayebakiwa na 6 mara nyingi hakupoteza muda kwenye maswali 40. Aliupoteza kwenye matatu au manne aliyong'ang'ania dakika nne nne.

Weka vituo vya ukaguzi: dakika ya 15 uwe umemaliza swali la 10, dakika ya 30 la 20, dakika ya 45 la 30. Ukikuta uko nyuma kwa maswali mawili, swali gumu linalofuata lipe jibu bora ulilonalo, litie alama, ondoka. Hakuna alama inayokatwa kwa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo nafasi tupu ni hasara tupu.

Anza na sentensi ya mwisho ya swali, ujue unatafuta nini, kisha soma umri, malalamiko na vipimo. Kuna maswali yenye mistari 12 ambayo sentensi ya mwisho inauliza tu dawa fulani hufanya kazi namna gani. Usianze na orodha ya majibu, ingawa inavutia. Majibu yamepangwa ili kila moja lionekane kweli kwa aliyesoma nusu. Kumbuka pia kwamba ndani ya mtihani kuna maswali ya majaribio ambayo hayahesabiwi, na huwezi kuyatambua. Likija swali linaloonekana limetoka sayari nyingine, huenda ni mojawapo. Lijibu, lisahau.

Naomba maelezo ya siku yenyewe. Nibebe nini, nipumzike saa ngapi, na nini kinaweza kunikatalia mlangoni?
*Mtahiniwa wa mwezi ujao*

Kinachokataliwa mlangoni mara nyingi ni jina. Jina la kwanza na la ukoo kwenye kibali lazima yafanane na yaliyo kwenye kitambulisho, na kitambulisho kiwe hakijaisha muda, chenye picha na sahihi. Anayetumia majina matatu, au aliyeongeza jina la ndoa, akague leo, siyo wiki ya mtihani, kwa sababu kurekebisha kibali huchukua siku. Fika dakika 30 kabla. Aliyechelewa zaidi ya nusu saa haingizwi.

Simu, saa ya mkononi, pochi, daftari na chakula vinabaki kwenye kabati. Utageuza mifuko nje, utapitishiwa kifaa cha kutambua chuma, miwani itakaguliwa. Utapewa ubao mdogo wa kufutika na kalamu yake. Vizibo laini vya masikio vinaruhusiwa. Viombe au vibebe kama ulivyovizoea nyumbani, maana sauti ya kibodi ya jirani huwashangaza wengi. Wenye pampu ya insulini, dawa ya pumu ya kuvuta au mahitaji mengine ya afya wasome orodha ya vitu vinavyoruhusiwa mapema, na wenye ulemavu au wanaonyonyesha waombe nyongeza ya muda wiki nyingi kabla. Siku ya mtihani msimamizi hana mamlaka ya kukupa.

Mtihani una maswali yasiyozidi 280 ndani ya siku ya saa 8. Muundo uliozoeleka ni sehemu 7 za dakika 60, maswali yasiyozidi 40 kila moja. Kama maelekezo ya tarehe yako yanaonyesha sehemu fupi za dakika 30, mwendo ni ule ule wa sekunde 90, ila milango ya kupumzika ni mingi zaidi. Ukishafunga sehemu, hairudiki.

Katika muundo huo wa sehemu 7, mapumziko ni dakika 45 za siku nzima, pamoja na dakika 15 za maelekezo ya mwanzo ukiyaruka. Yaruke, lakini uwe umeyafanyia mazoezi nyumbani, yapo bure kwenye tovuti ya USMLE. Hapo una dakika 60. Kwa muundo wa sehemu 7 tunapendekeza hivi: baada ya sehemu ya 1 baki kitini, vuta pumzi dakika 1, endelea. Baada ya ya 2, dakika 10. Baada ya ya 3, dakika 5. Baada ya ya 4, dakika 20 za chakula. Baada ya ya 5 na ya 6, dakika 10 kila moja. Zinabaki kama 4 za akiba, na utazihitaji, kwa sababu kila unapotoka na kurudi unasaini, unakaguliwa upya, na kama kuna foleni saa yako inakwenda. Ukizidisha mapumziko, dakika za ziada zinakatwa kwenye muda wa maswali yako.

Kula kidogo kidogo, vitu ambavyo tumbo lako limevizoea. Kahawa iwe kiasi kile kile cha kila siku. Kuongeza kikombe siku hiyo ni kuomba mapigo ya moyo na safari za choo.

Wiki moja kabla, jaribu kukaa siku nzima: jaribio la maswali 200, kisha sehemu 2 za maswali 40 juu yake. Majaribio ya nyumbani huishia 200 na watu wengi hawajawahi kuonja swali la 201 mpaka siku yenyewe. Ndipo umakini unapopasuka.

Kuna kundi linauza "maswali yaliyokumbukwa" na waliofanya mwezi uliopita. Karibu kila mtu ninayemjua ameyanunua. Nami ninunue?

Hapana. Januari 2024 USMLE ilitangaza kubatilisha matokeo ya watahiniwa waliohusishwa na Nepal baada ya kuchunguza mienendo ya majibu yao. Wapo waliokuwa wameshapanga maisha kwa matokeo hayo. Mfumo unaangalia muda uliotumika kwa swali, mfanano wa majibu, na maswali magumu yaliyojibiwa kwa kasi huku rahisi yakikosewa. Na maswali hayo yenyewe yamejaa makosa, kwa kuwa yameandikwa na watu waliotoka wamechoka. Unanunua kosa kwa hatari ya kupoteza taaluma. Toka kwenye kundi hilo leo. Hata kukaa humo kimya si salama.

Madaktari, mimi ni mzazi. Mwanangu anafanya mtihani huu baada ya wiki mbili. Hali, halali, nikimuuliza ananijibu mkato. Nimsaidieje?
*Mama mwenye wasiwasi*

Shikamoo mama. Msaada wako mkubwa ni kumwondolea maamuzi madogo: chakula kiwe tayari saa ile ile, nguo zifuliwe, wageni wasogezwe mbele. Usimuulize "umefikia wapi?" Swali hilo, hata likiulizwa kwa upendo, analisikia kama mtihani mwingine. Muulize atakula nini kesho.

Usingizi ndio tungekuomba uusimamie kwa upole. Kahawa ya alasiri hukaa mwilini. Baada ya saa 5 hivi nusu yake bado iko kwenye damu. Ya mwisho iwe kabla ya adhuhuri. Na tangu sasa aamke saa ile atakayoamka siku ya mtihani. Kama haonyeshi kulala kabisa, analia, au anazungumza maneno ya kukata tamaa na maisha, mama, hapo mtihani unawekwa pembeni. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Tarehe husogezwa.

Akishafanya, matokeo huchukua hadi wiki 4, na kwa kawaida hutoka siku ya Jumatano. Jumatano hizo usimpigie simu asubuhi.

Nimefeli. Sijamwambia mtu. Nianzie wapi?

Pole sana, ndugu yetu. Anza kwa kumwambia mtu mmoja, na awe mshauri wako wa chuo, kwa sababu kuna ratiba ya mafunzo ya wodini itakayoguswa na ana uwezo wa kuipanga upya kabla haijakuumiza.

Kisha fungua ripoti. Aliyefaulu haoni chochote zaidi ya neno hilo, lakini aliyefeli hupewa mchoro unaoonyesha yuko umbali gani na mstari wa kufaulu, na jinsi alivyofanya mada kwa mada. Aliye karibu na mstari na mada zake zote ziko sawasawa mara nyingi aliangushwa na muda, usingizi au mwendo, na wiki 6 hadi 8 humtosha. Aliye mbali, au mwenye mada mbili tatu zilizozama kabisa, asikimbilie benki ya maswali. Arudi kwenye fiziolojia ya mifumo hiyo mwanzo hadi mwisho, na ajipe miezi.

Kila Step ina kikomo cha majaribio 4 maishani, na yasizidi 3 ndani ya miezi 12. Jaribio ulilolianza ukaliacha njiani nalo linahesabiwa, kwa hiyo ukiamka siku ya mtihani una homa, usiingie "kujaribu tu".

Wiki ya kwanza usisome. Ya pili andika ratiba yako ya zamani jinsi ilivyokuwa kweli, siyo ulivyoipanga: saa ngapi ulilala, maswali mangapi uliyapitia hasa, majaribio mangapi uliyafanya kwa saa na mangapi ulisimamisha katikati kujibu simu. Iweke kando ya ripoti, uende nazo zote mbili kwa mshauri, na tarehe mpya msiichague mpaka majaribio mawili ya kujipima yawe yamevuka 68.